Karatasi Isiyokunywa Mate

Juzi, katika duka la vitabu mjini Lodwar, msichana aligusa pembe ya karatasi kwa ulimi kabla ya kuinunua. Dada yangu Akiru alizipima karatasi hivyo tulipokuwa watoto Kakuma, kwa sababu karatasi za daftari zilitoboka chini ya rangi zake za maji.

“Tafuta nzito, isiyokunywa mate,” alinituma.

Nililamba maboksi ya sabuni, hata mfuko wa saruji. Katika sanduku la mama nikapata kadi ya kliniki ya mdogo wetu aliyefariki. Ilinukia poda. Akiru akachora mbuzi juu yake, na wino wa jina ukayeyuka.

“Mbuzi wa nani?” mama aliuliza.

“Wako, mama,” Akiru alijibu.

Mama akaianika kadi juani, kisha akairudisha sandukuni. Nilidhani amefurahi. Hatukuwa na karatasi nyingine yenye jina la mtoto yule.