Udongo wa Makambako

Sikusahau. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu, kila habari hii inapotajwa, hunitetea kwa kusema kwamba nilisahau, na yeye hakuwapo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi la baba yangu kule Kagera, kopo liko ndani ya begi mgongoni, na muda nilikuwa nao wa kutosha. Sikuinama tu.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Mama alilisugua kwa majivu, akalianika, akanikabidhi Krismasi nilipokwenda kumwona nyumbani kwetu Yakobi, pale Njombe. Alijua kwamba likizo ya Juni ningempeleka mke wangu kwao Bukoba, na kwamba makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera yako upande huo huo. "Baba," aliniambia, maana huniita hivyo akiwa na ombi, "usichote juu ya kaburi, si adabu. Chota pembeni, miguuni. Ulijaze."

Kwetu mtu akifa, kaburi lake hukaa la udongo mwaka mmoja au zaidi, kisha ukoo hukutana wakati wa likizo, likajengewa kwa saruji na vigae, mchungaji akaliombea. Hapo ndipo msiba unakwisha. Babu amejengewa, bibi amejengewa, hata baba mdogo, ambaye pombe ya ulanzi ilimmaliza, amejengewa kwa vigae vya bluu kama bafu la gesti. Baba yangu peke yake ndiye hana. Alikwenda vitani mimi nikiwa tumboni, akazikwa huko huko na wenzake. Nyuma ya nyumba ipo nafasi yake, kati ya babu na baba mdogo. Mama hupanda maboga kuizunguka, katikati hagusi. Alitaka aizike pale ile konzi ya udongo badala ya mumewe, na aizike yeye mwenyewe, magoti yake yakiwa bado yanamruhusu kusimama. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine kwa ajili yake.

Kwenye makaburi yale nilikwenda peke yangu, mke wangu akabaki na mama yake. Askari wa zamu alipekua daftari, akanitangulia. Makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi wa paredi, na mimi ni mwalimu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuikagua ile mistari. Jina la baba lilikuwapo. Nililisoma mara tatu, nikitafuta kosa. Herufi zote zilikuwa sawa.

Nikasubiri. Nilikuwa nimesikia watu wakisimulia jinsi miguu inavyolegea, jinsi koo linavyokaba. Mimi niliona majani yaliyofyekwa vizuri na mjusi aliyekuwa akiota jua kwenye saruji. Niliwaza kwamba aliyelala pale ana umri wa wale vijana wa ualimu wanaoletwa shuleni kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, wale ninaowafokea kwa kuchelewa kipindi. Nikawaza pia kama nitapata gari la kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Askari alirudi nyuma hatua kadhaa, akageukia upande mwingine. Alikuwa ananiachia nafasi ya kulia. Ndipo niliposhindwa kabisa kuinama. Kupiga magoti pale na kuchota udongo, nikijua ndani yangu hamna kitu, niliona ni kuigiza, na mimi siku zote najisifu kwamba siigizi. Nilipiga picha moja. Kwenye daftari la wageni, penye nafasi ya maoni, niliandika: "Pasafi."

Siku mbili baadaye nilishuka peke yangu Makambako kubadilisha gari la kwenda Njombe, kopo likiwa tupu. Upepo wa Makambako hauna msamaha, hata Juni unaokota vumbi na kukutupia usoni. Nilizunguka nyuma ya magenge, nikafika penye mbao zilizorundikwa, nikachuchumaa, nikachimba kwa kipande cha ubao. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha aliniuliza, "Kaka, umepoteza nini hapo?"

"Nachota udongo wa maua," nikamjibu.

"Huo hauoteshi kitu, ni maranda matupu." Alikuwa sahihi. Nilikaa nikitoa maranda moja moja, kama mtu anayechambua maharage, mimi ninayefundisha Kidato cha Kwanza aina za udongo na kuwakosoa kwa wino mwekundu wanaozichanganya. Kopo likajaa. Pale sikuona aibu, nilijisikia mtu aliyemaliza kazi. Ningekuwa mkweli kama ninavyojigamba, ningefika kwa mama na kopo tupu.

Mama aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mezani sebuleni, akalifunika kopo kwa kitambaa cha kufuma. Aliniuliza jambo moja tu: "Jina lake lipo?" Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Alilaza kidole juu ya jina, kioo kikahama, ikatokea picha ya sato wa kukaanga niliyemla Bukoba. Aliomba nimrudishie mumewe. Nikamrudishia.

Jumamosi asubuhi ukoo ulikusanyika. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, mafundi wameshajenga ukingo wa matofali na kuacha shimo dogo katikati. Mchungaji aliomba kwa kifupi kwa sababu ya baridi. Kisha mama akasogea, akapiga magoti kwa shida, akamimina kopo lote polepole, akalikung'uta hata makombo. Akainuka. Akasimama.

Kila mtu alikuwa anasubiri. Wanawake walikuwa wameshashika kanga mdomoni, tayari kumpokea. Shangazi yangu alimsogelea kabisa, mikono wazi. Mama alitazama lile shimo, macho makavu, kwa muda ambao watu walianza kuutilia shaka. Mwishowe akajifuta mikono, akasema, "Haya, fukieni." Mtu akaanzisha wimbo.

Alasiri, wageni walipokwisha kwenda, nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, sufuria zote zimeshaoshwa. Nikakaa juu ya gogo.

"Siku walipoleta taarifa sikulia," alisema. "Wazee wakasema ni mshtuko, mwacheni. Nikanyonyesha, nikalima, sikulia. Nikasema basi, siku nitakayomzika nitalia. Ndiyo siku niliyokuwa naisubiri, baba. Si vigae."

Nikamsogezea ukuni.

"Leo nimemzika. Nimesimama pale nimejikaza niite machozi, hayakuja hata moja." Alisukuma kuni ndani. "Nafikiri nilikuwa simpendi. Tuliishi miezi minane tu, labda sikuwahi kumpenda, nimewadanganya watu miaka yote hii."

Aliyasema hayo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Na mimi nilikuwa na dawa ya maneno yale mdomoni, nikawa naihesabia hasara zake: ukoo, mchungaji, ule ukingo wa matofali, heshima yangu. Nilipiga moyo konde.

"Mama, ule udongo si wa kule. Niliuchota Makambako."

Alinigeukia. "Makambako wapi?"

"Nyuma ya stendi. Penye mbao."

"Kule hukufika?"

"Nilifika. Jina umeliona. Nilisimama mbele yake, nikashindwa kuinama."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Sikusikia chochote, mama. Nilikuwa kama nimesimama mbele ya kaburi la mtu mwingine."

Alinitazama sana, kisha uso wake ukaanza kuvunjika, kwanza kidevu, na akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kibena, maneno ambayo sikuyapata yote, akijipigapiga magoti yale yaliyomsumbua asubuhi. Shangazi alikuja mbio kutoka nje akidhani ni yale machozi aliyoyasubiri, akamkumbatia, akasema asante Mungu, asante Mungu. Sikumsahihisha. Sijui mama alikuwa anamlilia nani, mumewe aliyebaki kule au mtoto aliyekwenda hadi kwa baba yake akarudi hivi hivi. Nilibaki juu ya gogo nikiwatazama, nikingoja na mimi nishikwe na kilio, hadi moto ukahitaji kuni, nikainuka kwenda kuzileta.