Fundi wa funguo asiye na wa kumwachia ufunguo

Saa moja na robo asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tano, fundi wa funguo anawasha mashine yake na kuiacha iungurume kidogo kabla ya kuipa kazi. Kibanda chake kina upana wa kabati la nguo. Akinyoosha mikono, anagusa kuta zote mbili.

Mteja wa kwanza ni mwanadada mwenye mkoba mkubwa na haraka kubwa zaidi. Anataka funguo tatu zinazofanana.

"Tatu, dada? Mko wengi nyumbani?"

"Niko peke yangu. Mmoja wa mkoba, mmoja wa ofisini, mmoja nauficha kwenye gari."

"Na wa kumwachia jirani?"

Dada anamtazama kama mtu aliyeombwa figo. "Jirani gani, fundi? Chonga hizo, nachelewa."

Anachonga. Chuma kinalia, vumbi la rangi ya dhahabu linadondoka, naye analifagia kwa mswaki mkuukuu. Dakika kumi hazijaisha, dada ameshaondoka bila kuaga.

"Ndiyo biashara yangu ilivyo," anasema fundi. "Watu wa hapa wangekuwa wanajuana, ningelala njaa."

Ana miaka arobaini na moja. Alihamia jiji hili miaka miwili na miezi minne iliyopita, kutoka mji mdogo ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Kule alikuwa akichonga funguo tano au sita kwa siku. Hapa hazipungui thelathini, na Jumatatu hufika arobaini, kwa sababu watu hupoteza funguo zao mwisho wa juma.

Ukimuuliza kuhusu gharama za maisha, hujibu taratibu, kama mtu anayepima tundu la kitasa.

"Kwa kila noti kumi ninazopata hapa, nne ni za mwenye nyumba. Kule ilikuwa moja. Mkate hapa ni mara mbili. Maji nanunua kwa ndoo, kule tulichota bure. Lakini noti zenyewe hapa ni nyingi. Nikishatoa yote, nabaki na mara mbili ya nilichobaki nacho kule. Binti yangu anasoma bila mimi kukopa."

Kwa hiyo maisha ya hapa ni nafuu?

Anazima mashine kwanza. "Kwa mfuko, ndiyo."

Ukutani, juu ya mamia ya funguo ambazo hazijachongwa, kuna msumari mmoja wenye ufunguo mzee, mweusi kwa kushikwa. Wateja humuuliza bei yake. Hauuzwi.

Kule alikokuwa, majirani walimwachia funguo zao za akiba. Zilikuwa kumi na moja, zikining'inia kwenye ubao, hakuna hata mmoja ulioandikwa jina. Alizijua kwa sura, kama mwalimu anavyojua wanafunzi wake. Mtoto akirudi kutoka shuleni na kukuta mlango umefungwa, alikimbilia kwake. Mgonjwa akikawia kutoka nje, walimfuata yeye.

Alipoamua kuhama, alizunguka nyumba hadi nyumba kuzirudisha. Alidhani ni kazi ya saa moja. Ilimla siku mbili, kwa kuwa kila mlango ulimwambia "kaa kwanza". Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja wa kona, na bibi huyo alikataa kupokea.

"Nenda nao, mwanangu," alimwambia. "Nikiuchukua nitakuwa nimekufukuza."

Ndio huo ulio kwenye msumari. Unafungua mlango ulio mbali mwendo wa siku nzima.

Alimwahidi mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ana wateja wake kule, kwamba wataishi mbalimbali mwaka mmoja tu. Sasa chumba na sebule kilicho jirani na chumba chake kimebaki wazi, nacho kinawatosha yeye, mkewe na binti yao. Mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi, na kodi ya miezi sita mkononi. Kodi anayo. Jibu ndilo hana.

"Mke wangu si mtu wa kelele," anasema. "Aliniambia, 'Habari za pesa nimezisikia, baba watoto. Sasa niambie hivi: wewe uko kibandani, mimi nimeanguka humo ndani, nani atafungua mlango?'"

Swali hilo lilimgusa penye kidonda. Msimu wa mvua uliopita alishikwa na homa, akalala siku tatu, mlango umefungwa kwa ndani. Hakuna aliyegonga.

"Siku ya nne nikafungua kibanda. Mteja mmoja akaniambia, 'Fundi, siku hizi unafungua kwa maringo.' Nikacheka, nikamchongea ufunguo wake."

Jumanne wiki hii alitoka na ufunguo wake wa pili, akagonga mlango unaotazamana na wake. Humo anaishi mama mmoja anayepiga pasi shuka za nyumba za wageni. Jengo zima linamwita Mama Pasi. Fundi ndiye aliyemfungia kitasa mwaka jana. Tangu hapo ni salamu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeme umekatika kwako?"

"Hapana. Naomba unitunzie ufunguo wangu."

"Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Sasa nimekukosea nini? Vitu vikipotea si utaniita mwizi?"

"Mle ndani mwangu mna godoro, jiko, na redio isiyoshika stesheni. Mwizi akiingia atanihurumia, ataniachia kitu."

Mama Pasi hakucheka. Aliupokea kwa vidole viwili, akautundika kwenye msumari wa kalenda. "Haya, baba, nina pasi motoni." Mlango ukafungwa.

Fundi alimpigia mkewe simu papo hapo, akiwa bado kwenye korido.

"Ufunguo upo kwa jirani," alimwambia.

"Alikukaribisha ndani?"

"Nilisimama mlangoni."

"Alikwambia kaa?"

"Alikuwa na kazi, mama watoto."

"Basi siku akikwambia kaa, nitaanza kufunga mizigo."

Leo ni Alhamisi. Kando ya mashine kuna kikopo cha mafuta alichokijaza asubuhi. Aliposimama pale Jumanne alisikia bawaba za mlango wa Mama Pasi zikilia, na kwa fundi hiyo ni sababu tosha ya kurudi. Atafunga kibanda saa tisa, mapema kuliko siku yoyote tangu ahamie hapa.

"Nitamwambia nimekuja kuzipaka mafuta," anasema, akijaribu kifuniko kama kimekaza. "Na akiniambia kaa, hata kama ni kwa adabu tu, nitakaa."