Mkono wa Muzee Hauvaliki

Pembe ya ng'ombe ikipigwa tupa hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilivuka ua wa jirani kila alasiri na kuingia nyumbani kwetu Rwambuzi, mjini Bunia, ikashika mapazia na nguo zilizoanikwa, na mama akawa halali bila kuilalamikia. Baba hakulalamika. Alikuwa fundi cherehani, na pamoja na rafiki yake Papa Ukumu, dereva mstaafu wa malori ya Mahagi, alikusanya visu vya kienyeji vya kukunja, vile tulivyoviita kanifu. Jumapili baada ya misa walivitandaza juu ya kitambaa cheusi, wakavifungua kimoja kimoja, wakasikiliza mlio wa kila kimoja, wakavifunga tena. Karibu vyote vilitoka mkono mmoja, wa Muzee Okelo, mhunzi wa Mahagi aliyefua bapa kutoka vyuma vya springi za malori na kutia mipini ya pembe.

Muzee Okelo alifariki msimu wa mvua uliotangulia, bila kumwachia mtu kazi yake. Papa Ukumu alilia kama aliyefiwa na kaka. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," baba alimfariji, ingawa sidhani kama mwenyewe aliamini. Soko lilikuwa limejaa kanifu za kiwandani zilizolegea kabla ya mmiliki kuzizoea. Ndipo Kavira, binti wa mhunzi kutoka Butembo, alipohamia jirani yetu na kuanza kufua majembe na bawaba za milango. Alitutengenezea bawaba moja, na baba akaifungua na kuifunga mara nyingi kuliko mlango ulivyohitaji. Kesho yake alimwita Papa Ukumu, wakaenda kwa Kavira kuomba kanifu, nami nikafuata.

"Mwanamuke atatengeneza kanifu?" Papa Ukumu alimuuliza baba.

"Uniulize miye, papa," Kavira alijibu. "Iko kazi ya mikono. Mikono niko nayo."

Alisema hawezi kujifunza kanifu kwa kuitazama nje tu. Sharti aone tumbo lake. Baba alikwenda nyumbani akarudi na ile aliyoipenda kuliko zote, ambayo marehemu babu aliinunua kwa Muzee Okelo na kumwachia. Aliiweka mezani pa Kavira. Majuma yaliyofuata, Papa Ukumu aliwatangazia wenzake wote wa njia ya Mahagi kwamba Okelo amefufuka. Wazee nisiowajua walikuja kwetu, wakaketi uani, wakaulizia kanifu mpya kama watu wanaoulizia mtoto atakayezaliwa.

Siku Kavira alipotuita, kanifu mbili zilikuwa mezani. Mpya ilikuwa fupi, mpini wake mnene na uliopinda kufuata kiganja. Papa Ukumu aliifungua, ikatoa mlio mzito.

"Hii haiko ya Muzee."

"Haiko ya Muzee," Kavira alikubali. "Muzee alishakufa. Nilifungua yake, nikaona vile alikuwa anafikiri. Lakini mukono wake siwezi uvaa." Kisha akamgeukia baba. "Na ya kwako, papa, springi ilikuwa imepasuka mu ndani, tangu zamani. Nimeweka ingine."

"Ameiharibu!" Papa Ukumu alipaza sauti. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Akatoka, na wazee waliokuja naye wakamfuata.

Baba alibaki ameshika kanifu ya babu, akiifungua na kuifunga. Nilidhani angekasirika. Badala yake aliiweka mfukoni, akachukua ile mpya, na kwa kuwa Kavira alikuwa na nanasi pembeni, akaomba alikate. Alimenya polepole, akampa Kavira kipande, akanipa nami. Juisi ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Inakata," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Aliichukua hiyo kanifu, na akawa mtu wa kwanza Bunia kumiliki kazi ya Kavira. Papa Ukumu hakuja kwetu Jumapili nyingi. Alirudi mwishowe, kanifu zake tatu zikiwa zimekufa springi, akimwomba baba amsindikize kwa jirani. Kavira alizitengeneza zote na hakumkumbusha lolote.

Leo baba ni marehemu, na Kavira ana karakana kubwa kwenye barabara ya Nyankunde, pamoja na mafundi aliowafunza mwenyewe. Kanifu zake za sasa ni nyembamba, na zinafunguka kwa kidole kimoja. Juzi nilimkuta na wakusanyaji wawili vijana, wenye picha kwenye simu zao. Walikuwa wakitafuta zile za mwanzo, fupi zenye mpini mnene, na walimsihi atengeneze nyingine kama hizo.

"Zile nilitengeneza nikiwa sijajua kazi," aliwaambia.

Hawakumwamini. Waliondoka wamenuna. Watu wa enzi ya baba walimtaka awe mtu aliyekufa. Hawa wanamtaka awe yeye mwenyewe wa zamani. Kavira aliwasindikiza hadi barabarani, akawatakia safari njema, akarudi kuchochea moto.