Mama Aliponiuliza Maana ya Kiki

Huku kwetu Donholm, kiki ni neno la kumfunga mtu mdomo. Mwanamuziki akiugua wiki moja kabla ya kutoa wimbo, ni kiki. Wapenzi wakitupiana maneno mtandaoni, kiki pia. Maana yake ni kwamba huna lolote, unatafuta tu macho ya watu. Nililipenda neno hilo, siwadanganyi. Nilikuwa mwepesi wa kulitupa, watu wakicheka, nami napenda sana kuchekesha.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa akijirekodi kwa simu akiwaigiza wahudumu wa kanisani, kisha anaweka video mtandaoni. Alikuwa na kipaji, mtoto yule. Jumamosi moja akaweka video isiyo na mzaha. Alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba. "Nyumbani tuko watatu na hakuna anayeniangalia," alisema. "Nikiondoka leo, sijui watajua lini."

Mimi nilikuwa jikoni, hatua chache kutoka mlango wake. Mtu mwenye akili angeenda kubisha. Mimi niliandika chini ya video yake: "Kiki hiyo. Chapati zikiiva ndiye wa kwanza mezani." Watu walifurahi ajabu. Nikawa nageuza chapati huku nikichungulia simu nione wangapi wamependa maneno yangu. Zilipoiva nilimwita, kisha nikaenda kufungua mlango wake. Kitanda kilikuwa kitupu na begi lake halikuwepo. Alikuwa amepita nyuma yangu nikiwa nimeinamia simu.

Wiki moja baadaye Mama alipata ujumbe kutoka nambari ngeni: "Niko salama. Msinitafute." Tukapiga, imezimwa. Huu ni mwaka wa tatu. Ninamkosa hadi naona aibu. Zamani nilimfokea kwa kurudia sentensi moja mara ishirini akirekodi, nikimwambia aniachie nipumzike. Sasa nyumba imetulia kama nilivyotaka, na siutaki utulivu wenyewe.

Mama alitoka Machakos akiwa msichana, akawa karani wa stoo hadi alipostaafu, na lugha ya vijana haijui. Mwezi uliopita akina mama wenzake wa kanisani walimfariji kwamba asijisumbue, binti yake alikuwa anafanya kiki tu. Akaja kuniuliza kiki ni nini. Nikamweleza kwamba ni mtu kufanya jambo ili atazamwe.

Aliendelea kukata sukuma wiki. "Alitaka kutazamwa na nani?"

"Na watu, Mama."

"Watu gani? Si ulinionyesha video, akasema nyumbani?"

Nilikuwa nimemwonyesha video lakini nikamficha nilichoandika chini yake. Siku hiyo nilimsomea, neno kwa neno, pamoja na chapati zangu. Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinawa mikono, akafunga kitambaa chake cha kanisani, akaenda kuketi kwenye kitanda cha binti yake.

"Shika simu," alisema. "Na mimi nataka hiyo kiki."

Nikamrekodi. "Mwanangu," alisema, "tulikuwa hapa na hatukukuangalia. Huyu dada yako ndiye ameshika simu, na analia, ndiyo maana unaona picha inatikisika. Njoo nyumbani."

Tukaiweka mtandaoni hivyo hivyo. Wengi wameandika kwamba siku hizi hata wazee wanatafuta kiki. Sijamjibu hata mmoja. Nawasoma wote asubuhi kabla ya kwenda kazini, jina baada ya jina, nikimtafuta mmoja tu. Mama husimama mlangoni na chai yake mkononi hadi nimalize.

"Ameiona?"

"Bado, Mama."