Farasi Wangu Kavishwa Viatu, na Siyo Mimi Niliyemvisha

Jamani, kaeni chini kwanza. Hii imenitokea juzi tu.

Ijumaa jioni nilimfunga farasi wangu Kashka zizini, miguu mitupu, mzima kabisa, nikaenda kukesha msibani.

Jumamosi asubuhi nikamkuta amevaa viatu vinne vya chuma. Vipya. Vinang'aa.

Na mguu wa mbele, wa kushoto, hataki hata kuugusisha chini.

Nyie! Nilipiga ukelele hadi kuku wa jirani wakaruka.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni Perizat, nasomea utabibu wa mifugo Bishkek, mji mkuu wetu, ila kwetu ni huku milimani, At-Bashy, na tangu Agosti nipo nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Kwato za Kashka zilikuwa zimepasuka vibaya kwa kupigiliwa misumari mwaka hadi mwaka. Kiatu kikiwekwa leo, wiki ijayo kimedondoka na kipande cha ukwato.

Baba akasema basi, huyo ndiye sogum wetu.

Yaani nyama ya msimu wa baridi. Huku Novemba kila nyumba huchinja, na farasi asiyefanya kazi hana wa kumtetea.

Nikamwambia, "Baba, mwache akae peku miezi mitatu. Nitazichonga kwato mwenyewe, zitakomaa."

Mhunzi wetu, mzee Sagyn, akacheka mbele ya watu. "Msomi, farasi wa milimani bila viatu? Wewe mbona umevaa buti?"

Watu wakavunjika mbavu. Nilimchukia yule mzee, wallah.

Lakini Baba akakubali, tena mbele ya majirani. Jumapili ya kwanza ya Novemba atampanda Kashka njia ya mawe hadi darajani. Asipochechemea, ni wangu. Akichechemea, kisu.

Na nani alikuwa upande wangu? Kaka yangu Kubat, mtu wangu wa nguvu. Kila wiki yeye ndiye aliyenishikia mguu wa Kashka nikichonga.

"Dada, wewe ni noma," ananiambia. "Nifundishe na mimi."

Nikamfundisha, tena kwa mbwembwe. Nikamwonyesha ule mstari mweupe chini ya ukwato: nje yake msumari hauumi, ndani yake ni nyama hai.

Sasa Jumamosi hiyo nikamkokota Kashka, anachechemea, hadi kwa mzee Sagyn. Nimewaka!

"Mzee, umemfanya nini farasi wangu? Mtihani ni kesho!"

Akanitazama kama nimepandwa na wazimu. "We binti, si ulimtuma kaka yako? Alikuja Jumatano, akasema umebadili mawazo, viatu utapigilia mwenyewe. Nikampa."

Nikamwelekezea mguu wa kushoto.

Akainua ule mguu akaanza kung'oa misumari. Wa tano ulipotoka, ukatoka na damu.

"Huu haukukosea njia," akasema taratibu. "Mwanafunzi hukosea huku na huku. Mingine yote imekaa sawa. Huu mmoja umelengwa."

Aisee, nikamwachia Kashka, nikakimbia nyumbani.

Nikamkuta Kubat nje ya nyumba, anamsugua Boz, farasi wake wa mashindano, anampigia na mluzi.

"Kubat, kwa nini?"

Hakubisha hata kidogo. "Harusi yangu ni tarehe kumi na mbili. Nyama itoke wapi? Nimeshawaambia wakwe ni Kashka."

"Ungeniambia!"

"Ungekubali?"

"Na Meerim anajua?"

Meerim ndiye bibi harusi. Shosti wangu wa chuo. Mimi ndiye niliyewakutanisha.

Kubat akainama. "Yeye ndiye aliyesema usiku ule upo msibani, hutasikia nyundo."

Nilijiona nimepigwa teke la kifua na farasi mzima.

Nikamwendea Baba. Kubat akaniwahi: "Anadanganya, Baba. Ameona farasi hawezi, akampigilia viatu mwenyewe, sasa anatafuta wa kumsingizia."

Baba akatutazama mmoja mmoja. Sikujua atamwamini nani.

Ndipo mzee Sagyn akaingia uani bila hodi, akaweka msumari wenye damu mkononi mwa Baba.

"Mimi na huyu binti hatuelewani," akasema. "Barafu ikija atanitafuta mwenyewe nimvishe Kashka viatu vya meno, hilo nalijua. Ila farasi huyu jana alipita kwangu peku, hachechemei. Kwato nzuri. Leo amelemazwa."

Baba akautia msumari mfukoni.

"Nyama ya harusi itapatikana," akasema. Akamfungua Boz.

Kubat alipiga magoti. Alilia, jamani, mwanaume mzima. "Baba, siyo Boz!"

Nilidhani nitafurahi.

Badala yake nikamshika Baba mkono nikamwomba amwache. Boz amekosa nini? Baba akautoa mkono wangu kwa upole, akaenda na Boz nyuma ya zizi, kisu kiunoni.

Kashka anapona, na habari ya kumchinja imekwisha. Meerim ananipigia simu kila siku, sipokei. Harusi ipo palepale, nami natakiwa kukaa meza ya ndugu, nile nyama ya Boz.

Wapenzi wasomaji, anayekupinga mbele za watu unajua amesimama wapi. Yule anayekubali kila unachosema, anayekushangilia kila wiki, siku moja muulize na yeye anataka nini. Mimi sikuwahi kumuuliza.