Jina Langu Kwenye Kitanda cha Nne

Niliondoka Kamina siku ya Jumatatu kwa ajili ya karatasi moja. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kupanda na kushuka treni. Nimeuza sabuni, nimepakia mihogo, nimetengeneza redio, na nimeondoka katika miji mingi bila kumuaga mtu. Sasa nilitaka kuwa muuguzi. Shule ya wauguzi ilipokea watu wazima waliofika darasa nililofika mimi, mradi waonyeshe kwamba wamewahi kushika mgonjwa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumamosi adhuhuri.

Mkuu wa shule, mtawa ambaye watu wote walimwita Masere, aliipekua dosie yangu, faili la maombi, kama mtu anayechambua maharagwe.

“Ngoie, karatasi ziko,” alisema. “Lakini bagonjwa habako ndani. Barua yako inasema unapenda bantu. Kila mutu anaandika vile. Weye ulitunza nani?”

Nikamwambia kwamba kabla ya vita kupita nilisaidia miezi mitatu Luena, katika zahanati ndogo nyuma ya soko, wakati wa kipindupindu.

“Basi kwenda Luena. Muganga wa kule akuandikie, apige na muhuri. Na barua andika upya.”

Sikumwambia jinsi nilivyoondoka Luena.

Jumatatu mchana treni ya mizigo ilitutoa Kamina, sisi abiria tukiwa juu ya magunia. Vita vilikuwa vimeshapita, lakini njia ilikuwa bado inavisikiliza. Kwenye vituo vidogo hapakuwa na wauza ndizi. Milango ilikuwa wazi na ndani hamna mtu, mbuzi wanatoka na kuingia kama wenye nyumba. Mahali pamoja niliona nguo zimeanikwa kwenye kamba, zimepauka upande mmoja tu, ule wa jua. Zilikuwa hapo miezi mingi. Hakuna aliyesema lolote mpaka tulipovuka mto Lualaba pale Bukama, ndipo mtu mmoja akakohoa na wengine wakaanza kuongea.

Jumatano alfajiri nilishuka Luena. Ukungu ulikuwa mzito, na vumbi la makaa ya mawe likakausha koo langu kama zamani. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara wa chumvi na vitenge ambaye wazee wake walitoka Maniema. Zamani nilikuwa nikimbebea mizigo. Alinitazama usoni, kisha akainama kutazama miguu yangu, na hakupokea mkono wangu.

“Audhubillahi,” alisema. “Weye njo nani?”

“Njo minyi, Mama Zaina. Ngoie.”

Alichota chumvi kidogo kutoka kwenye gunia lake, akaiweka juu ya jani, akalisukuma kuelekea kwangu kwa kijiti. “Kula.”

“Kwa nini?”

“Kula kwanza! Bafu, bantu benye kufa, habakulake chumvi.”

Nikailamba. Aliningoja nimeze. Halafu akanipiga begani kwa nguvu.

“Mujinga weye! Nilikulilia siku tatu! Utanirudishia machozi yangu!” Akacheka, lakini kicheko chake kikakatika. “Kwenda kwa Tata Muganga. Kila asubuhi iko anakuita.”

Nilidhani anatania.

Saa kumi na mbili na nusu nilifika zahanati. Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijaingia nilisikia sauti ya Tata Muganga, mzee aliyenifundisha kuosha mikono na kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Nilichungulia. Vitanda sita, vyote vitupu, vimetandikwa vizuri. Alikuwa amevaa koti lake jeupe na kushika daftari kubwa, anasimama mbele ya kila kitanda na kusoma.

“Kitanda cha tatu. Mama wa mapacha. Alikimbilia porini. Hakuna mwenye kupokea.” Akasogea hatua mbili. “Kitanda cha nne. Ngoie. Alikufa alfajiri. Hakuna mwenye kupokea.”

Nilitazama shuka la kitanda cha nne, limebonyea kidogo katikati, na kwa muda mfupi nilikuwa sina hakika kabisa kama niko hai.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumba ile. Asubuhi, aliyekesha hasogei mpaka afanye remizi. Anasimama kwenye kila kitanda na mwenzake, anataja jina la mgonjwa, ametoka wapi, amekunywa nini, amelalaje. Mwenzake anajibu: “Nimepokea.” Bila neno hilo, mgonjwa bado ni wako.

Alfajiri ya mwisho niliyokuwa pale, milio ya bunduki ilisikika mbali na treni ikapiga honi. Kwenye kitanda cha nne kulikuwa na mwanamume anayetetemeka. Nilimfunika kwa koti langu, kitambulisho changu kikiwa mfukoni, nikatoka nikimwambia ninarudi sasa hivi. Mpaka leo nimewaambia watu kwamba nilikimbia bunduki. Ukweli ni kwamba niliisikia honi zaidi kuliko bunduki. Miguu yangu imezoea hivyo.

“Tata,” nilisema hatimaye.

Aligeuka. Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Umechelewa,” alisema.

Alinipeleka nyuma ya zahanati, kwenye makaburi. Msalaba wa mbao ulikuwa na jina langu, limechomwa kwa chuma cha moto. Mtu alikuwa ameweka maua, sasa makavu.

“Siku bunduki ilinyamaza, nilikuta kwa kitanda mutu na koti na karatasi,” alisema. “Sura ilikuwa imekwisha. Mungempa jina gani, weye na treni yako?”

“Anaitwa Banza.”

“Banza wa wapi? Bakina Banza ni bengi.”

Hapo udadisi wangu, ambao walimu wangu waliuita ukorofi, ulinisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Kwa maana usiku ule nilikuwa nimempokea yule mtu peke yangu na kumuuliza kila kitu. Banza, mvuvi wa Mulongo. Mama yake ni Mama Numbi. Alikuwa ameacha mtumbwi wake umefunikwa chini ya kichanja cha mihogo, akaja Luena kuuza samaki wakavu. Aliogopa radi na hakuogopa mamba.

Tata Muganga aliyaandika yote. Kisha akaweka chuma kwenye makaa na kunipa. Nilikwangua jina langu kwa kisu mpaka mbao ikawa nyeupe, nikachoma BANZA herufi moja moja. Moshi wake ulinuka kama chakula kilichoungua.

Jioni alinipa atestasio, ile karatasi ya ushuhuda, yenye muhuri. Ilisema nilifanya kazi miezi mitatu, kwa bidii na mikono misafi. Mstari wa mwisho ulisema: “Aliacha zamu bila remizi. Mgonjwa mmoja alikufa peke yake.”

“Tata, na hii watanikubali?”

“Minyi sijui. Minyi naandikaka tu kile niliona.”

Alhamisi nilipanda treni ya kurudi. Ijumaa ilisimama Bukama kutwa, na abiria mwenzangu, kijana mcheshi mwenye kofia, aliposoma karatasi yangu alipiga mluzi.

“Yaya, mukubwa wangu, hii utaipeleka kweli? Kule nyuma ya soko iko mutu na muhuri. Anakuandikia muzuri, hata unakuwa dokta!”

Nilishuka. Nilitembea hadi sokoni. Pale nilimkuta mama mmoja muuza samaki anayeteremka na mtumbwi kwenda Mulongo, nikaandika barua ampelekee Mama Numbi: mwanawe yuko wapi, na nani alimwacha. Nilipomaliza, treni ilipiga honi. Safari hii nilimngoja kwanza yule mama aikunje barua, aifunge kwenye ncha ya kitenge chake, na kusema ameipata. Kisha nikakimbia.

Jumamosi saa nne asubuhi niliingia ofisini kwa Masere. Aliisoma atestasio mara mbili. Akasoma barua yangu mpya, iliyoanza kwa maneno “Nilimwacha mtu.” Nje wanafunzi walikuwa wanafagia, na ufagio ulipokaribia dirisha ulisikika kama pumzi ya mtu.

“Simama,” alisema.

Nikasimama. Naye akatoka nyuma ya meza, akasimama kando yangu, mikono nyuma, kama tuko wodini.

“Fanya remizi.”

Hapakuwa na kitanda, ila sakafu nyekundu iliyosuguliwa. Niliitazama.

“Kitanda cha nne,” nilisema. “Banza, mvuvi, wa Mulongo, mwana wa Mama Numbi. Aliingia anaharisha na kutapika. Alikunywa vikombe viwili vya maji ya chumvi na sukari, cha tatu alikimwaga. Anatetemeka, nimemfunika. Anaogopa radi. Nilipotoka alikuwa hai.”

Masere aliyashusha macho yake pale pale sakafuni yalipokuwa yangu.

“Nimepokea,” alisema.

Ndipo akaketi, akachukua kalamu, akaandika jina langu kwenye daftari la shule.