Mawe ya Hillary Wabwile

Mume wangu, Hillary Wabwile, hakung'oa mawe ya mpaka wa shamba la mtu huko Ndalu. Mawe yaliyomuua yalitoka kwenye figo zake mwenyewe. Wanaosema alilaaniwa kwa kuiba ardhi wanasema uongo.

Hillary alikuwa fundi wa mashine za posho, kutoka Naitiri hadi Kitale. Kila alikokwenda alibeba mtungi wa maji, hata kanisani. Watu wa Kamukuywa walimtania, "Fundi, utatumalizia mto, bana." Alicheka, akanywa tena. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa dawa yake.

Daktari wa Bungoma alitueleza ugonjwa wenyewe, na mimi niliyefundisha biolojia nilimwelewa. Kwenye utando wa seli za figo kuna protini zinazofanya kazi ya mlango: hupokea asidi amino zisipotee na mkojo, na kuzirudisha kwenye damu. Mlango mmoja wa Hillary ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Asidi amino iitwayo sistini ilibaki kwenye mkojo, na kwa kuwa haiyeyuki vizuri, ikaganda ikawa mawe yaliyoziba figo. Kasoro hiyo aliirithi kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe hawakuugua. Hakuna aliyekosa.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, familia husema mbele ya watu marehemu aliugua nini. Shemeji yangu Wamalwa alitaka kutaja malaria, ati tufunike aibu. Nikasimama mimi, nikaeleza yote. Waombolezaji walirudi makwao na neno moja tu, mawe, wakaliunganisha na kesi ya mpaka wa shamba la Ndalu ambayo Hillary alishinda.

Juzi wazee kutoka Kitale walikuja kumposa binti yangu Joan. Mzee Mbogo, baba ya kijana, hakuzunguka. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na laana si habari zake, lakini mama wa watoto wake hapati usingizi. Tukichinja kondoo wa kuondoa laana pale mpakani, alisema, maneno yataisha na harusi itaendelea. Wamalwa akaninong'oneza kwamba kondoo ni kitu kidogo.

Nilimtazama Joan. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzee Mbogo," nikasema, "nikichinja kondoo huyo, nimekiri kwamba mume wangu alikuwa mwizi. Sichinji."

"Mama Joan, si ni kwa ajili ya watoto?"

"Watoto watakaowazaa ni wajukuu wa Hillary. Hawatazaliwa katika jina la mwizi."

Mzee Mbogo akauliza kama Joan naye ana kasoro hiyo ya figo. Nilimwambia swali hilo ni la Joan, na mwenye haki ya kumwuliza ni kijana wake, si kikao kizima.

Waliondoka chai ikiwa bado moto. Kama Joan amepimwa, na kama wale wageni watarudi, hayo ni ya nyumba yangu. Sisemi zaidi.